Upinde Hauwekwi Dau

Mnadani Katesh, hapa kwetu Hanang, na kwenye maduka ya Haydom, Wahadzabe, wale wawindaji wa bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, wakitajwa mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye kamari. Husemwa kwamba ni watu wa kushinda chini ya mti wakirusha magome, wakiliwa mishale, wakiliwa nguo, na kesho wakaamka mikono mitupu. Wanaosema hivyo wengi wao ni wa kwetu: Wairaqw wenye mashamba, Wabarbaig wenye ng'ombe, na sisi wa Gendabi ambao damu zimechanganyikana. Maneno hayo yamenichosha. Anayeyasema hajauliza ni kitu gani kinawekwa dau katika mchezo ule na kitu gani hakiwekwi kamwe.

Mchezo unaitwa lukuchuko. Kila mchezaji ana kisahani chake kilichokatwa kwenye gome la mti, upande mmoja una mikwaruzo ya gome la nje na upande wa pili ni laini. Zaidi ya vile vya wachezaji kuna kimoja kikubwa ambacho si cha mtu yeyote. Mmoja huvikusanya vyote mkononi, akavipiga kwenye shina la mti, vikatawanyika chini. Mshindi ni yule ambaye kisahani chake peke yake kimelala upande uleule kiliolalia kile kikubwa. Wakilingana wawili, au asipopatikana hata mmoja, vinaokotwa na kupigwa tena. Nguvu hazisaidii, wala umri, wala ukoo. Mwindaji hodari kuliko wote bonde zima la Yaeda hana nafasi kubwa kuliko kijana aliyeota ndevu juzi. Na vinapigwa hadharani, wanaume wameketi wameuzunguka mti, kila jicho linaona kilivyolala.

Kiangazi ndipo mchezo unapokolea. Maji yanabaki mahali pachache, kambi zinasogeleana, na watu ambao hawajaonana miezi wanajikuta chini ya mti mmoja. James Woodburn, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba wanaume walitumia muda mwingi katika mchezo huu kuliko muda waliotumia kutafuta chakula. Sentensi hiyo imesafiri sana, na kila aliyetaka kuwaita wavivu ameiokota. Maelezo yaliyofuata, ambayo Woodburn mwenyewe aliyaweka wazi katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii zenye usawa, hayajasafiri nayo.

Kinachowekwa dau ni vitu adimu. Cha kwanza ni mshale wenye kichwa cha chuma, ule unaopakwa sumu ya kuulia mnyama mkubwa. Porini hakuna chuma. Zamani kilitoka kwa majirani, kwetu sisi na wahunzi wetu, kwa kubadilishana na asali na nyama. Siku hizi ni misumari inayogongwa bila moto mpaka ikawa bapa na kali. Sumu nayo huwekwa dau, iwe ile ya mdagu au ile wanayoiita shanjo, kwa sababu miti yake haioti kila mahali. Kisu huwekwa, shoka huwekwa, shanga, kitambaa, mara nyingine chombo cha asali. Na viko vya jiwe, ambavyo huchongwa kwa jiwe laini linalopatikana sehemu chache tu za nchi yao. Ukimkuta mtu wa upande mwingine kabisa wa Ziwa Eyasi akivuta kiko cha jiwe, usidhani alikwenda kukinunua. Huenda kilipita mikono kadhaa, mti hadi mti.

Vitatu haviwekwi: upinde wa mtu, mishale yake ya mti mtupu ya kupigia ndege na wanyama wadogo, na mkoba wake wa ngozi. Kila mwanamume anajitengenezea vyake mwenyewe. Havina uadimu, na kisicho adimu hakina kazi kwenye mchezo ambao kazi yake ni kuvitembeza vile vilivyo adimu. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyoeleza, na naafiki. Ila mimi, mtoto wa wafugaji, naona na jambo la pili ndani yake. Mtu anaweza kuliwa kila kitu jua linapotua, na bado akaondoka pale na upinde begani, mishale ya ndege mkononi na mkoba ubavuni. Alfajiri ataingia porini kama jana. Hakuna mchezo chini ya ule mti unaoweza kumvua mtu uwezo wa kujilisha.

Tena usiku ule hatalala njaa. Mnyama mkubwa akiangushwa nyama ni ya kambi nzima, aliyeshinda na aliyeliwa wanakula pamoja. Wanawake wanarudi na viazi mwitu walivyochimba, na ubuyu, na matunda ya msimu, na chakula hicho hakiingii katika mchezo wa wanaume hata kidogo. Basi hasara ya mchezo imewekewa mipaka kabla kisahani cha kwanza hakijapigwa. Anayeingia na watu asiowazoea, waliofika jana kutoka kambi nyingine, hahitaji kuwachunguza nia zao. Amekwisha kulindwa na mambo yasiyogusika.

Lipo na lingine ambalo sisi wafugaji lingetufaa sana kulielewa. Kwetu kitu hakitoki mkononi bure. Mbarbaig hakusanyi ng'ombe wake wote katika boma moja. Huwatawanya kwa marafiki na wakwe, mbali na mbali, ili ugonjwa, ukame au wezi wakipita hapa, kule wabaki wengine. Busara hiyo naienzi. Tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulipoporomosha tope na mawe juu ya Katesh na Gendabi, watu na mali vikazolewa kwa saa chache, wazee waliikumbusha busara hiyo kwa machozi. Lakini ng'ombe uliyemweka kwa mtu ni kamba: yeye anakunywa maziwa, wewe una neno kwake, na watoto wenu watarithi neno hilo. Ndivyo tunavyojuana na ndivyo tunavyotawaliana. Mhadzabe mwenye mshale alioupata kwenye lukuchuko hana deni kwa mtu yeyote. Hakuuomba, hakupewa kwa hisani, wala hakuna mkubwa wa kumwambia kesho, "Nilikupa." Kisahani kililala, basi. Ndiyo maana watu wasio na chifu wala tajiri wameweza kugawana chuma kwa vizazi bila kuzaa tajiri.

Na mshindi? Hapo majirani wanakosea zaidi. Mshindi haachwi aondoke na fungu lake kama anavyoondoka mshindi mjini. Anabanwa aendelee kucheza, na akiendelea, vingi vinarudi kule vilikotoka. Akitaka kweli kubaki navyo itambidi ahamie kambi nyingine, na huko nako kuna mti na kuna wanaume wameketi.

Mambo mengine ya Wahadzabe yamekwisha kuandikwa mno na sitayarudia. Ndege anayewaongoza kwenye asali amepigwa picha za kutosha, na epeme, ngoma ya usiku usio na mbalamwezi, ni ya wenyewe. Haifai kuwa maonyesho. Lukuchuko ndio nautetea, kwa kuwa ndio unaotukanwa.

Swali la kitu gani kiwekwe dau na kitu gani kisiwekwe, watu wa mbali sana wamewahi kukutana nalo wakalijibu kinyume chake. Mwaka 1993 huko Marekani ulitoka mchezo wa kadi uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield. Kila mchezaji hununua kadi zake, huzikusanya, hubadilishana na wenzake, na nyingine hutokea kuwa adimu mno. Kanuni za mwanzo zilisema kabla ya kucheza kila mmoja atoe kadi moja kwa bahati kutoka katika zake, iwekwe kando, na mshindi achukue zote mbili. Kanuni hiyo haikudumu. Nani angekubali kuketi mbele ya mtu asiyemjua akahatarisha kadi aliyoitafuta kwa miaka? Ikafanywa ya hiari, kisha wachezaji wengi wakaiacha. Kadi ya Black Lotus ya toleo la kwanza iliuzwa kwa zaidi ya dola 500,000 mwaka 2021. Kadi ya namna hiyo hufungiwa ndani ya plastiki ngumu, na mwenyewe anapokwenda kucheza na wageni huchukua zile za bei ndogo. Simlaumu. Mali yake ni uadimu, na uadimu ukipotea kwa usiku mmoja hakuna kambi itakayomlisha.

Lakini ona tofauti. Mkusanyaji wa kadi hukificha kilicho adimu na kuchezea cha kawaida. Mhadzabe hukiweka mezani kilicho adimu na kukilinda cha kawaida, kwa sababu cha kawaida ndicho kinachomweka hai. Mmoja amejenga ukuta kuzunguka hazina, mwingine kuzunguka maisha.

Na sisi, tunaowaita wacheza kamari, tumejenga ukuta gani? Tembea Katesh jioni. Vijana wameinamia simu wakibashiri mechi, mkeka wa leo ukichanika wanaweka wa kesho. Madubwi yanameza sarafu pembeni ya maduka. Nimeona ada ya shule ikienda, mbegu za msimu zikienda, pikipiki ya mkopo ikienda, jembe likiuzwa ili mtu arudi kucheza. Kwetu hakuna kitu kilichotamkwa kwamba hakiwekwi. Anayetula hatumwoni uso. Hatuwezi kumbana aendelee kucheza mpaka virudi, wala jioni hatutakula naye nyama. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, na leseni zipo, lakini leseni haikuambii usiweke jembe lako. Kwa hiyo mtu wa Hanang anaponiambia Wahadzabe wamepotezwa na kamari, namtazama kwa huzuni. Wao wana kamari yenye mipaka ambayo sisi hatukuwahi kuwa nayo.

Kinachonitia hofu ni kwamba mipaka hiyo sasa inasukumwa kutoka nje. Huko Mang'ola, upande wa Karatu, magari ya watalii hufika asubuhi, na fedha taslimu huingia kambini kwa njia ambayo haikuwahi kuwapo. Mishale na pinde hutengenezwa kwa kuuzwa. Fedha haina tabia ya mshale: hailali chini ya mti ikisubiri kurudishwa na kisahani, huenda moja kwa moja dukani, na mara nyingi dukani huko ni kwenye pombe. Mwenye kulaumu mchezo wa zamani kwa uharibifu huo anampiga mtu asiyehusika.

Lakini fedha ya mtalii ni jambo dogo likilinganishwa na ardhi. Wahadzabe hawafiki hata elfu mbili, na nchi yao imekatwa pande zote katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakalisha Yaeda Chini. Maradhi yakawapukutisha, waliobaki wengi wakarudi porini. Mwaka 2011 wale wa Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, na hati ile ni ya jamii. Haiwezi kuuzwa na mtu mmoja, hata awe ameliwa kila kitu.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapowageukia watu wangu. Sisi tunajua maana ya kuambiwa ardhi yetu haina mwenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua malisho bora ya Wabarbaig uwanda wa Basotu, kiasi cha ekari 100,000, kwa sababu mgeni aliona nyasi tu akadhani hakuna mtu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mpaka mahakamani. Waliofukuzwa na ngano walisukumwa na mifugo yao huku na huko, na wengine walifika Yaeda. Nawaonea uchungu, ni ndugu. Lakini ng'ombe wanapoingia eneo la hati wakati wa kiangazi wanakanyaga visima vya kuchimba kwa mkono, wanakula majani yanayoonyesha kiazi kilipo, na wanyama wa kuwindwa wanahama. Mhadzabe aliyebaki na upinde usio na mnyama wa kupigwa ameporwa kile ambacho mchezo wake haukuruhusu kiporwe.

Mipaka ya malisho ya Yaeda imekwisha kukubaliwa vijijini, na mabaraza ya wazee wetu yanajua kutoza faini ya ng'ombe kwa makosa madogo kuliko hili. Nataka faini hiyo itozwe hapa Hanang, na wazee wa hapa, kwa mchungaji wa hapa anayevuka. Na mzee atakayeinuka barazani kusema wale ni wacheza kamari tu, wasisikilizwe, aulizwe kwanza mjukuu wake wiki hii ameweka mkeka wa shilingi ngapi.