KIINI CHA NINI?

Neno kiini si geni nyumbani mwako. Hutajwa jikoni yai livunjwapo. Hutajwa katika karakana ya seremala, mbao ya mninga ipigwapo randa na rangi yake ya kahawia ikajitokeza. Hutajwa barazani, wazee wamtakapo mlalamikaji aache maneno ya pembeni aseme kiini cha ugomvi. Ni neno la kila siku, wala hakuna aliyepata kwenda chuoni ili afundishwe maana yake.

Lakini neno hilohilo, bila kubadilika hata herufi moja, mwanao hukutana nalo katika somo la sayansi, katika jiografia, na akiendelea zaidi hata katika sarufi. Na kila mwalimu hulitumia kwa maana ya fani yake. Hapo ndipo matata yaanzapo. Mtoto huichukua maana ya jikoni akaingia nayo katika chumba cha mtihani. Naye mzazi, ambaye amekwisha kuamini kwamba sayansi ni mambo ya wasomi, hunyamaza kimya, ilhali yeye ndiye mwenye ufunguo.

Tuanze na yai, kwa kuwa ndilo linalodanganya wengi. Waulize watoto wako kifaranga hutokana na sehemu gani ya yai. Aghalabu watakujibu kwamba kiini ndicho kigeukacho kifaranga, na ule ute mweupe ni chakula chake. Jibu hilo halikosi mantiki, maana neno lenyewe latudokeza kwamba kiini ni kile kilicho cha asili na cha msingi. La hasha! Livunje yai bichi taratibu juu ya sahani, kisha uitazame vema ile sehemu ya manjano. Juu yake utaona kidoa cheupe, chenye upana wa milimita tatu au nne hivi. Katika yai lililorutubishwa, ni kidoa hicho kinachokua hata kikawa kifaranga. Manjano yote iliyobaki ni akiba ya chakula.

Na akiba hiyo si haba. Siku 21 za kuatamiwa haziimalizi. Muda mfupi kabla ya kutoka katika ganda, kifaranga huyavuta mabaki ya manjano hayo ndani ya tumbo lake, nayo humlisha kwa siku mbili tatu za mwanzo wa maisha yake. Wewe unayefuga kuku uani, yumkini umewahi kustaajabu jinsi vifaranga wa siku moja wanavyosafirishwa ndani ya maboksi kutoka mkoa hadi mkoa, bila punje ya chakula, na bado wakafika wazima. Wamesafiri na kiini chao tumboni.

Sasa sikiliza asemavyo mwanabiolojia. Yeye atakwambia kwamba manjano yote ya yai, lilipokuwa likiumbika ndani ya kuku, yalikuwa seli moja tu, kubwa ajabu. Seli hiyo nayo ilikuwa na kiini chake, kidogo mno, nacho kilikaa palepale penye kidoa. Basi ndani ya kiini cha mpishi mlikuwamo kiini cha mwanabiolojia! Wote wawili wanasema kweli, ila hawasemi habari ya kitu kimoja. Mwanafunzi atakayeandika kwamba kiini cha seli ni ghala ya chakula atakoseshwa, na mwalimu hatakuwa amemwonea.

Kiini hicho cha seli kilipewa jina na Mskochi mmoja, Robert Brown, mwaka 1831, alipokuwa akichunguza maua ya okidi kwa hadubini. Aliona doa la mviringo ndani ya seli, akaliita kwa neno la Kilatini, nucleus, ambalo asili yake ni kile kilichomo ndani ya kokwa. Wataalamu wetu waliotafuta neno la Kiswahili hawakulazimika kwenda mbali. Pasua kokwa la embe: ndani yake mna kiini. Mrumi wa kale na mama wa Tabora wameiona picha moja.

Picha ni moja, lakini kila fani imekata kipande chake. Biolojia imechukua mamlaka: ndani ya kiini cha seli ndimo yanamowekwa maagizo ya urithi, yanayomfanya mtoto afanane na babu yake. Hata hivyo wapo watumishi wanaofanya kazi bila kiini. Chembe nyekundu za damu yako, zikikomaa, hukitupa kiini chao ili kupata nafasi zaidi ya kubebea oksijeni, nazo huishi siku 120 hivi. Za kuku hubaki nacho. Kule kliniki nako mama mjamzito atasikia neno kiinitete, yaani mimba ya majuma ya mwanzo, kabla haijaitwa kijusi. Na hicho si kiini cha seli wala si cha yai.

Fizikia imechukua uzito. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifanya kazi Manchester, alieleza kwamba karibu uzito wote wa atomu umesongamana mahali padogo sana katikati. Kitu hicho nacho kikaja kuitwa kwa neno lilelile la Kilatini. Udogo wake hauelezeki kwa urahisi. Lau atomu ingalikuwa na ukubwa wa uwanja mzima wa mpira pamoja na majukwaa yake, kiini kisingalizidi punje ya hindi iliyowekwa pale katikati panapoanzishwa mchezo. Na bado punje hiyo ingalibeba zaidi ya sehemu 999 katika kila 1,000 za uzito wa uwanja huo.

Ni katika fani hii neno lilipopata jina baya. Baada ya Hiroshima na Nagasaki kuteketezwa mwezi Agosti 1945, neno nyuklia, ambalo maana yake ni "ya kiini" tu, likawa neno la kuogofya. Madhara yake yalifika hata hospitalini. Ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, iitwayo MRI, katika maabara mbinu yake ilikuwa na neno nyuklia katika jina. Katika miaka ya 1980 hospitali zikaliacha neno hilo, ili wagonjwa wasidhani wanapelekwa kwenye bomu. Ukweli ni kwamba mashine hiyo haipasui kiini chochote. Husikiliza tu viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili, nawe ukatoka jinsi ulivyoingia. Mgonjwa anayekataa kupimwa kwa kuliogopa neno anajinyima tiba bure.

Jiografia haikuchukua mamlaka wala uzito, bali mahali. Kiini cha dunia huanzia kilomita zipatazo 2,900 chini ya miguu yetu, nacho ni chuma na nikeli, nje kikiwa kimeyeyuka. Mwaka 1936 mwanamama wa Denmark, Inge Lehmann, kwa kuyasoma mawimbi ya matetemeko ya ardhi, aligundua kwamba ndani yake mna kiini kingine. Nusu kipenyo ya hicho cha ndani ni kilomita 1,220 hivi, haipungui safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza.

Seremala naye asisahauliwe. Kiini cha mti anachokisifia kwa ugumu ni sehemu iliyokwisha kufa, wakati kiini cha mwanabiolojia ndicho kiongozacho uhai.

Wanaisimu husema kiini cha silabi, yaani sauti inayoibeba silabi, ambayo kwa kawaida ni irabu. Lakini tamka neno "mtu". Ile m ya mwanzo imesimama peke yake pasipo irabu, konsonanti iliyojifanya kiini. Malenga wetu wanaohesabu mizani walilijua jambo hilo kabla ya vyuo vikuu, maana kwao "mtu" ni mizani mbili.

Katika shule za msingi za serikali mwanao husoma haya kwa Kiswahili. Akiingia sekondari hukutana na Kiingereza, ambacho kina neno lake kwa kiini cha yai, jingine kwa cha mbegu, jingine kwa cha dunia, na moja linalotumiwa kwa seli na atomu pamoja. Istilahi za Kiswahili zipo. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo kijana wa Kidato cha Kwanza hukariri maneno hayo manne kana kwamba hajapata kuviona vitu vyenyewe. Msimu wa maembe ukifika, chukua kokwa moja, lipasue mbele yake, umwonyeshe kilichomo, kisha umwambie kwamba neno lile gumu lililomo katika daftari lake la biolojia lilikuwa jina la kitu hicho.