Je, Wajua? Mtunzi wa Muziki Naye Husimulia Filamu
Mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka tukio la mauaji bafuni katika filamu ya Psycho (1960) lisiwe na muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, aliuandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi pekee. Mwongozaji alipousikia, akabadili msimamo. Wapo wanaodai kuwa muziki wa filamu ni pambo tu, na picha ndiyo msimulizi. Lakini fidla zile zikinyamazishwa, hofu hupungua mno, ilhali hakuna picha hata moja iliyobadilika. Herrmann, aliyeingia kwenye filamu kwa Citizen Kane (1941) na kufariki mwaka 1975 mara baada ya kurekodi muziki wa Taxi Driver, alikuwa msimulizi kamili. Watunzi wanastahili heshima sawa na waongozaji.