Mwamini wa Kweli ni Nani? Mafundisho Kutoka Masasi na Newala

Swali la nani ni Mkristo wa kweli si la darasani tu. Mchungaji hukutana nalo afunguapo daftari la ubatizo, awaulizapo wanakipaimara, na hasa wazee wa usharika wanapoleta jina la mtu ili azuiwe kwenye Meza ya Bwana. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama historia ya Kanisa huko Masasi na Newala. Waliotangulia kuhubiri huko walikuwa Waanglikana wa misheni ya UMCA, kisha Wabenediktini, wala si Walutheri. Hata hivyo tunayo mengi ya kujifunza kwao, kwa maana vipimo tunavyovitumia sisi hadi leo vilijaribiwa huko mapema.

Kipimo cha kwanza ni jina na makazi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alisafiri na kundi la watumwa waliokombolewa, akikusudia kuwasogeza karibu na Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakajenga kijiji. Aliyekaa pale alipata shamba, mafundisho na ulinzi wa misheni kwa pamoja. Je, aliyeingia kanisani alimfuata Kristo, au alifuata usalama? Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, walioitwa Magwangwara, walikivamia kijiji, wakaua na kuteka watu, na makao ya kazi yakahamishiwa Newala kwa muda. Basi ulinzi wa misheni hauwezi kuwa msingi wa imani, kwa kuwa waweza kuondoka kwa siku moja. Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mtu aweza kuja kwa ajili ya hifadhi, akalisikia Neno, na Neno likamshika. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani angali mtoto, aliwekwa wakfu mwaka 1890 kuwa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, akawatumikia Wayao wa Chitangali kwa miaka mingi. Sababu ya mtu kufika si kipimo cha imani yake.

Kipimo cha pili ni kuacha mila. Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto hata kama ana ndevu. Kanisa lilipokataza tu, kijana alisimama kati ya ukoo wake na ubatizo wake, na wengine walikwenda kwa siri. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alitafuta njia nyingine pamoja na makasisi wenyeji. Tohara, kambi na malezi ya wazee vilibaki. Matambiko kwa mizimu yaliondolewa, na sala na baraka za Kanisa zikawekwa mahali pake. Kwa unyago wa wasichana kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Upande wetu wa Kilutheri, Bruno Gutmann alishughulika na maswali ya jinsi hiyo hiyo kati ya Wachaga.

Hapa Mtume Paulo anatusaidia. Katika Wagalatia 5:6 anafundisha kwamba kutahiriwa au kutotahiriwa hakuna nguvu, bali imani itendayo kazi kwa upendo. Kwa hiyo aliyekwenda jandoni hakuwa kafiri kwa sababu hiyo, wala aliyekataa kwenda hakuwa mwamini kwa sababu hiyo. Lakini tambiko la kuomba ulinzi ni jambo jingine. Luther, akiifafanua Amri ya Kwanza katika Katekisimo Kubwa, anafundisha kwamba kile ambacho moyo unakitumaini ndicho mungu wake. Basi swali la kumwuliza kijana si, "Ulikwenda wapi?" bali, "Ulimtumaini nani?"

Kipimo cha tatu ni uthabiti na matendo. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, serikali ya Kijerumani iliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza. Makasisi na walimu Waafrika ndio waliobaki kuyatunza makanisa katika njaa na misukosuko ya vita. Tunda hilo ni jema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini tukilifanya tunda kuwa shina, tutamwambia nini Petro, aliyemkana Bwana uani? Imani yake haikutindika kwa sababu Bwana alimwombea, kama tusomavyo katika Luka 22:32. Ungamo la Augsburg, katika vifungu vya 6 na 20, linashika utaratibu huo: imani huzaa matendo mema, ila haki yetu mbele za Mungu haitoki kwayo.

Mwamini wa kweli, basi, ni mwenye dhambi aliyeisikia ahadi ya Injili na kumwegemea Kristo peke yake, ambaye kila siku huurudia ubatizo wake kwa toba. Imani hiyo haikai bure. Katika Masasi na Newala ya leo itaonekana kwa mkulima asiyetia mawe katika gunia la korosho, kwa karani asiyechezea mzani, na kwa jirani akaaye kwa amani na ndugu zake Waislamu.

Kifungu cha 8 cha Ungamo hilo kinakiri kwamba katika Kanisa hapa duniani wanafiki wamechanganyika na waamini. Hatukupewa kazi ya kung'oa magugu kabla ya mavuno. Tumepewa kuhubiri, kubatiza, kuonya na kufariji. Dhambi iliyo wazi tuionye waziwazi. Mwenye kutubu tusimcheleweshe mezani. Naye aliye dhaifu tumwelekeze kwa Kristo, asije akatafuta hakika katika nguvu za imani yake mwenyewe.