Vihusishi vya Kiingereza na Mazoea ya Msemaji wa Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili ajifunzaye Kiingereza hukwama mara nyingi penye maneno madogo kabisa: 'in', 'on' na 'at'. Mwalimu humwambia ayakariri, na mtihani humwadhibu akiyakosea. Husemwa kuwa chanzo cha taabu hiyo ni uhaba wa vihusishi katika Kiswahili. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli.

Kiambishi '-ni' katika 'nyumbani' hutaja mahali tu. Uelekeo hubebwa na kitenzi. 'Ametoka nyumbani' hudai 'from', na 'yuko nyumbani' hudai 'at'. Lakini haifuati kwamba msemaji hatofautishi ndani na nje. Tofauti hiyo imo katika upatanisho: 'kipo', 'kiko' na 'kimo'. Asemaye 'kitabu kimo kabatini' amekwisha kuchagua 'in' kabla ya kukifikiria Kiingereza. Asemaye 'kipo mezani' bado ana kazi, maana '-po' hutaja mahali dhahiri bila kubainisha kama kitu kimekaa juu yake, 'on', au kiko karibu nacho tu, 'at'.

Upande wa wakati, pengo ni kubwa zaidi. Kiswahili husema 'atakuja saa tatu', 'atakuja Jumatatu' na 'atakuja mwezi wa Machi' bila kihusishi chochote mbele ya wakati. Kiingereza hudai 'at' kwa saa, 'on' kwa siku, na 'in' kwa mwezi au mwaka. Kipimo ni urefu wa kipindi, ijapokuwa 'at night' na 'in the morning' hukivunja. Mambo kama hayo ndiyo hasa ya kukaririwa.

Lipo pia kosa la kuzidisha. Wengi huandika 'discuss about the matter', ilhali 'discuss', sawa na 'kuzungumzia', hujitosheleza. Kihusishi 'about' ni haki ya nomino 'discussion'. Vivyo hivyo 'for' hufuata 'request' ikiwa nomino, wala si ikiwa kitenzi chenye yambwa. Mwanafunzi amehamisha kihusishi kutoka nomino hadi kitenzi. Hakukosa akili, bali amefuata mfano usiofaa.

Kwa hiyo orodha ndefu za kukariri hazitoshi. Yafaa mwalimu aanzie '-po', '-ko' na '-mo', aonyeshe kila lugha imeuweka wapi uhusiano huo, kisha ndipo asahihishe.