Uzamifu wa Kubuni Protini: Nafasi Zipo, na Nyingi Zina Malipo

Dawa ya sumu ya nyoka inayotumika hospitalini bado hutengenezwa kwa njia iliyoanza miaka ya 1890. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha kingamwili hutolewa kwenye damu yake. Dawa hiyo ni ghali, na mgonjwa wa mashambani mara nyingi huifikia akiwa amechelewa.

Mnamo Januari 2025 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya watafiti kutoka Marekani na Denmark waliobuni kwa kompyuta protini ndogo zinazonasa sumu ya nyoka wa jamii ya swila. Panya waliopewa protini hizo baada ya kudungwa sumu walinusurika kwa asilimia 80 hadi 100. Protini hizo huzalishwa na bakteria, bila farasi. Hao walikuwa panya tu, si binadamu, na sumu ya kifutu, anayeuma watu wengi, ni ya aina nyingine. Kazi bado ipo, na sehemu kubwa ya kazi kama hiyo hufanywa na wanafunzi wa shahada ya uzamifu.

Protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20. Mnyororo hujikunja, na umbo lake ndilo huamua kazi yake mwilini. Mtafiti huanza na umbo analolitaka, kisha hutumia akili unde kupata mnyororo utakaojikunja hivyo. David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2024 kwa kazi hii, pamoja na Demis Hassabis na John Jumper.

Wazazi wengi hudhani uzamifu ni karo nyingine ya kuuzia shamba. Katika sayansi mara nyingi sivyo. Denmark, mwanafunzi huajiriwa kwa miaka 3 na kulipwa mshahara, mradi awe na uzamili. Marekani, vyuo vingi hupokea hata mwenye shahada ya kwanza, humlipia karo na kumpa posho. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao Wakenya wanaruhusiwa kuomba. Karibu zaidi ni taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan Afrika iliyoko JKUAT, Juja, yenye masomo ya baiolojia ya molekuli.

Mwombaji aliyesomea biokemia, kemia, fizikia au kompyuta aanze kwa kusoma kazi za msimamizi anayemtaka, kisha amwandikie barua fupi kuhusu kazi hizo. Anaweza kujizoeza kupitia hazina ya AlphaFold, yenye maumbo zaidi ya milioni 200, bila malipo.

Wakazi wajihadhari na mawakala wanaouza "nafasi". Baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi, ambayo hulipwa kwa chuo chenyewe, na mara nyingine husamehewa mwombaji akiandika kuomba.