Mwalimu wa methali za bahari asiyejua kuogelea

Kwa muda wa miaka kumi na minane sasa nimekuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili ya wasichana iliyoko bara, mbali kabisa na pwani. Katika muda huo nimewaeleza wanafunzi wangu methali za bahari mara nisizoweza kuzihesabu. Maji yakijaa hupwa. Bahari haishi zinge. Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimezitungia maswali, nimezisahihisha kwa kalamu nyekundu, na nimewanyima alama wale waliokosea. Lakini hadi mwaka 2022 sikuwa nimewahi kuyaona maji yakijaa, na ngama sikuijua ila kwa kamusi.

Mwaka huo tuliwapeleka wasichana arubaini wa kidato cha pili kuzuru pwani ya kusini. Tulisafiri usiku, na njiani tuliusifu mwezi uliokuwa mpevu na kuangaza barabara nzima. Hakuna hata mmoja wetu, miongoni mwa walimu wanne, aliyejua kuwa mwezi ule ulikuwa na neno na safari yetu. Tulifika ufuoni yapata saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yamepwa sana, miamba imejitokeza, na mbele yetu palikuwa na fungu la mchanga mweupe lililowaita watoto. Tukawaruhusu waende, na wengine wetu tukawafuata.

Kufikia saa saba mfereji uliokuwa kati ya fungu lile na nchi kavu, ambao asubuhi tuliuvuka bila ya kulowesha magoti, ulikuwa umejaa nyuma yetu. Tuliwahimiza wasichana wavuke upesi wakishikana mikono. Wote walivuka isipokuwa mmoja aliyerudi kukiokota kiatu chake. Nilikuwa nimekwisha kufika ufuoni nilipomwona akichukuliwa na maji, na nitasema ukweli ijapokuwa unaniaibisha: nilisimama. Nilimwita kwa jina lake, nikapiga mayowe, nikawazuia wenzake wasiingie. Zaidi ya hayo sikuwa na lolote la kufanya, kwani sikujua kuogelea, wala mwalimu mwenzangu yeyote aliyekuwapo hakujua.

Aliyemwokoa alikuwa bibi mmoja wa makamo aliyekuwa akirudi kutoka miambani kutafuta pweza. Bibi huyo naye hakuogelea. Alipita juu ya ukingo wa mwamba alioujua yeye, maji yakiwa kifuani, akaunyoosha mtaimbo wake wa kupigia pweza. Ulipokuwa mfupi, aliifungua leso kiunoni, akaifunga kwenye ncha ya mtaimbo na kuirusha. Mtoto aliishika. Baada ya kumtua mchangani alinigeukia na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, mwawafunza nini watoto hawa huko kwenu?"

Sikuwa na jibu. Tuliporejea, mwalimu mkuu alipiga marufuku safari zote za wanafunzi hadi atakapotoa taarifa nyingine, nami sikumlaumu.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu ili msomaji aelewe kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwenye mume na watoto watatu, alichanga pesa kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja ili akalale kwenye hema ufuoni kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Tulikuwa wanawake ishirini na watatu: walimu wa shule mbalimbali, wauguzi wawili, na karani mmoja wa chama cha akiba na mikopo. Hatukuwa na mfadhili wala bango.

Wazo lenyewe si letu. Huko Marekani, katika jimbo la Wisconsin, Profesa Christine Thomas wa chuo kikuu kilichoko Stevens Point alikuwa miongoni mwa walioandaa kongamano mwaka 1990 kuchunguza ni kwa nini wanawake ni wachache miongoni mwa wavuvi na wawindaji. Ilidhihirika kuwa vizuizi vingi havikutokana na udhaifu wa mwili wala ukosefu wa hamu. Vilitokana na kukosa mahali pa kujifunzia. Mvulana hufunzwa na baba au mjomba wake, ilhali msichana hubakia nyumbani. Mwaka 1991 wakaanzisha mafunzo ya siku tatu ya wanawake watupu, ya kutenda na si ya kusikiliza hotuba, na mpango huo ukaenea katika majimbo mengi ya Marekani na nchini Kanada. Hata hao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1909 wasichana walijitokeza bila ya kualikwa katika mkutano wa maskauti wavulana mjini London, wakidai kuwa wao pia ni maskauti. Mwaka uliofuata chama chao kikaundwa, kikiongozwa na Agnes, dadaye Baden-Powell, yule yule aliyezikwa Nyeri mwaka 1941.

Sehemu moja ya mafunzo ya Wisconsin ni uwindaji na kulenga shabaha. Hayo tuliyaacha, maadamu uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Kadhalika huko hufunzwa namna ya kuwasha moto na kupika nje. Tulipoliona somo hilo katika orodha tulicheka sana. Wanawake ishirini na watatu wa Kenya hawahitaji mwalimu wa kuwasha moto katikati ya mafiga matatu, hata kuni zikiwa mbichi na mvua ikinyesha.

Tulichokihitaji ni maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa katika nchi za mapato ya chini na ya kati. Nasi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka huko Mtongwe, si mbali na nchi kavu, na watu 272 wakaangamia. Mmoja wa wauguzi tuliokuwa nao alimpoteza shangazi yake siku hiyo. Alituambia hayo Ijumaa usiku, kisha akasema kuwa tangu wakati huo hajawahi kuutia uso wake majini, hata ndani ya beseni.

Somo la kwanza lilikuwa usiku huo huo, na walimu wetu walikuwa wanawake wawili wa kijiji kile wanaoishi kwa pweza na chaza. Walitupa vijiti, wakatwambia tuvichomeke mchangani pale wimbi linapokoma, kijiti kimoja kila baada ya dakika kumi. Kwa njia hiyo nikayaona maji yakitembea. Walitueleza kuwa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, lakini kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kwa sababu yanaufuata mwezi wala hayalifuati jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, maji hupwa sana na kujaa sana, na tofauti yake katika pwani yetu hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti ni ndogo. Wakasema tena kuwa maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja polepole hata mtu akadhani yamelala, lakini saa ya tatu na ya nne huja kwa kasi kuliko wakati wowote.

Niliketi pale mchangani nikapiga hesabu. Mwezi mpevu. Maji kupwa saa nne asubuhi. Saa saba mchana ndiyo saa ya tatu kwisha na ya nne kuanza. Yaani tuliwapeleka watoto wa watu kwenye fungu lile katika siku mbaya na kuwarudisha katika saa mbaya, ilhali ajuza yeyote wa kijiji angaliweza kutwambia iwapo tungalimwuliza.

Jumamosi tuliingia majini. Mwalimu wa kuogelea alikuwa mwanamke, na kila mtu alivaa alivyoona vyema. Wapo waliojisitiri tangu kichwani hadi vifundoni na hawakuzuiliwa na lolote. Ndivyo walivyofunzwa wasichana wa Nungwi, kisiwani Unguja, wakiwa na walimu wa kike na mavazi yanayostiri mwili mzima, na wazazi wakaridhika. Hatukuanza kwa kuogelea. Tulianza kwa kuelea chali, masikio ndani ya maji, mwenzako akikushika chini ya kichwa kwa vidole viwili tu. Ni jambo dogo lakini linahitaji imani kubwa, kwa kuwa mwili hukazana kujiokoa na kwa kukazana huko ndiko huzama. Yule muuguzi alijaribu akashindwa, akatoka, akaketi ufuoni akitazama. Alasiri alirudi mwenyewe bila ya kuitwa. Alipoelea kwa mara ya kwanza hakusema neno, nasi hatukumpigia makofi, kwani tuliona kuwa machozi yalikuwa yakimtoka.

Somo lililonigusa zaidi, hata hivyo, halikuwa la kuogelea. Lilikuwa la kumwokoa mtu bila ya kuingia majini. Mwalimu alituonya kuwa wengi hufa wakienda kumwokoa mwingine, maana anayezama humkumbatia aliye karibu na kumdidimiza. Kwanza mnyooshee kitu: fimbo, kasia, tawi, nguo. Akiwa mbali, mrushie kitu kinachoelea. Tulitumia jerikeni tupu za lita tano zilizofungwa kamba, tukaacha maji kidogo ndani ili zisipeperushwe na upepo. Tulirusha hadi mabega yakauma. Tulifunzwa fundo linalofanya kitanzi kisichokaza wala kuteleza, tukalifunga tukiwa tumefumba macho na vidole vimelowa. Ndipo nilipong'amua kuwa yule bibi wa mwaka 2022 alikuwa ametenda kila kitu kwa taratibu iliyo sahihi. Mimi niliyesimama nilikuwa na kamba ya mita nyingi ndani ya basi, pamoja na mitungi sita mitupu ya maji ya kunywa.

Mwalimu mwenzangu wa kiume, ambaye ni mtu mwema, aliniuliza ni kwa nini tulijitenga. Bahari haibagui, alisema, na elimu vilevile. Namkubalia kwa kiasi fulani. Mtoto wa kiume aliye bara hajui bamvua kuliko dada yake. Lakini niliporudi nyumbani nilitaka kuwaonyesha watu wangu lile fundo. Sikuwa nimemaliza kulizungusha mara ya pili kabla mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, kunipokonya kamba akisema, "Lete nikusaidie, mama." Hakuwa na ubaya wowote, na fundo hakulijua. Kule ufuoni hapakuwa na mtu wa kunipokonya kamba, kwa hivyo nililikosea mara kumi na moja hadi nikalipata.

Jumapili tulipanda mashua ya tanga. Hapa nakiri upungufu wetu: tulitafuta nahodha mwanamke tusimpate, hivyo basi tukachukuliwa na mzee mmoja aliyetuvumilia sana. Alitufunza kushika usukani na kuitambua joshi, upande utokako upepo. Mawimbi yalipotupiga alinipa upo na kuniamrisha nifue maji. "Wapi?" nikamwuliza. "Ngamani, mwalimu, hapo miguuni pako." Nikatazama. Maji yaliyoingilia omo na yaliyoingilia tezi, yote yalikuwa yametiririka hadi pale chini katikati ya chombo. Niliinama na upo mkononi nikicheka peke yangu, na wenzangu wakadhani nimeshikwa na kichefuchefu. Miaka kumi na minane! Nilikuwa nikiwaambia wasichana kuwa ngamani ni "sehemu ya ndani ya chombo", wakaandika, wakapata alama mbili, na sote tusijue tunalolisema.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unatutaka tuwafunze watoto kutenda. Ni jambo jema. Ila sijaona bado ni wapi mwalimu mwenyewe anapofunzwa kutenda, hasa mwalimu mwanamke aliyelelewa jikoni na kupelekwa chuoni moja kwa moja. Semina tunazoitiwa ni za kuketi na kujaza fomu.

Nimemwandikia mwalimu mkuu barua nikiomba safari ya pwani irudishwe. Nimependekeza juma ambalo mwezi utakuwa nusu, nikaambatisha jedwali la kujaa na kupwa, na nimeomba wale wanawake wawili wa kijiji walipwe ili wawe nasi mchana kutwa. Aliniita ofisini akaisoma mbele yangu. Aliniuliza swali moja tu: sasa mimi mwenyewe naweza kuogelea umbali gani? Nilimjibu kuwa ni mita kumi na tano, labda kumi na nane nikiwa na hofu. Alitabasamu kidogo, akaiweka barua chini ya kitabu cha wageni, akasema ataiwasilisha mbele ya wazazi.

Mkutano wa wazazi haujafanyika. Jerikeni nne na kamba zake ziko nyuma ya mlango wa ofisi ya idara ya Kiswahili, na wasichana wameanza kuuliza ni za kazi gani.