Vipokezi Vizuiaji: Breki za Seli za Kinga

Seli T ya binadamu haiamshwi kwa ishara moja. Kipokezi chake cha antijeni hutambua kipande cha protini kilichobebwa juu ya seli nyingine. Kisha kipokezi cha pili, CD28, hushika protini za CD80 na CD86 zilizoko kwenye seli hiyo hiyo. Ishara hizo zikikutana, seli T hugawanyika kwa kasi. Linalostahili kuulizwa ni jinsi inavyosimamishwa.

Baada ya kuamshwa, seli hiyo huanza kutoa kwenye utando wake kipokezi kiitwacho CTLA-4. Hiki nacho hushika CD80 na CD86, tena kwa nguvu kuliko CD28, hivyo hukipokonya mshirika wake. Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika mwaka 1995: panya waliozaliwa bila jeni ya CTLA-4 walikufa wakiwa na umri wa wiki 3 hadi 4 hivi, mioyo yao na viungo vingine vikiwa vimevamiwa na limfosaiti zao wenyewe.

Kipokezi PD-1, kilichoelezwa mwaka 1992 na Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto, hutumia njia nyingine. Kinapoungana na PD-L1, mkia wake ulio ndani ya seli huvuta kimeng'enya SHP-2, ambacho huondoa fosfeti kwenye protini zinazopitisha ishara, na ujumbe hufifia njiani. Katika maambukizi sugu, VVU yakiwamo, PD-1 hubaki kwa wingi na seli T huchoka. Saratani kadhaa nazo hujivika PD-L1, na kwa hila hiyo huponyoka.

James Allison alionyesha kwa panya kwamba kuiziba CTLA-4 huwezesha kinga kuushambulia uvimbe. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, ipilimumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa ajili ya melanoma. Allison na Honjo walitunukiwa Nobeli mwaka 2018.

Lakini breki iliyolegezwa hailegei kwenye uvimbe pekee. Utumbo, tezi ya thairoidi, ini na mapafu huweza kushambuliwa, pengine miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Kuhara kwa mgonjwa wa namna hii kukidhaniwa kuwa ni maambukizi tu, atapewa antibiotiki huku utumbo ukiendelea kuharibika, hata kutoboka. Maambukizi sharti yachunguzwe, naam; ila mgonjwa aulizwe pia kuhusu dawa za saratani alizowahi kutumia, kwa kuwa tiba ya madhara hayo yakiwa makali ni steroidi, na kuchelewa huweza kugharimu uhai.